Karakana ya Fundi Redio Imebaki Mikononi Mwako: Mwongozo Kamili wa Kuchambua na Kuthamini Vifaa vya Zamani

Matanga hayajaanuliwa, mnunuzi wa vyuma chakavu ameshabisha hodi na mizani yake. Ndivyo ilivyotukuta Walukuba, mjini Jinja, Uganda, mjomba alipofariki baada ya kutengeneza redio kwa zaidi ya miaka hamsini. Yule bwana alitupa pole kwa adabu, akachungulia chumba kilichojaa hadi kwenye mabati, kisha akataja bei ya kilo kwa kila kilichomo. Ndugu kadhaa waliafiki. Chumba kilikuwa cha kupanga, mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, na mkazamjomba hakuweza kupita mlango ule bila kulia.

Tulimwomba arudi baadaye. Kazi ilituchukua Jumamosi tisa, na katika Jumamosi hizo nilijifunza kwamba ndani ya karakana ya redio uzito na thamani havitembei pamoja. Televisheni ya kubebwa na wanaume wawili inaweza kukosa wa kuichukua hata bure, ilhali jozi ya valvu, zile taa za kioo za ndani ya redio za zamani, zinazoenea kiganjani ikalipa kodi ya chumba kwa miezi. Mizani haioni tofauti hiyo. Utaiona wewe ukikiuliza kila kitu maswali manne, kwa mpangilio huu: Ni cha nani? Kinaweza kudhuru? Ni nini hasa? Kina bei gani? Anayeanza na swali la nne huuza mali ya mtu, au huumia, au hupunjwa.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha. Kila rafu, kila droo, kila kopo, jinsi marehemu alivyoliacha. Fundi ana mpangilio wake hata kama kwako ni vurugu: valvu iliyolala kando ya redio ndiyo iliyotolewa humo, skrubu zilizo kwenye kifuniko cha soda ni za ule mgongo wa redio ulioegemezwa ukutani. Ukishafagia na kukusanya, uhusiano huo umepotea na haurudi.

Usitupe karatasi yoyote. Usitupe makopo. Mjomba aliweka transista kwenye makopo ya Kimbo na vidude vidogo zaidi kwenye viberiti, na juu ya kila kiberiti aliandika namba kwa penseli. Tungemwaga yote kwenye gunia moja, tungekuwa na gunia la vipande visivyo na majina.

Vaa barakoa na glavu. Panya hukojoa ndani ya redio, nyigu hujenga kwenye spika, na vumbi la meza ya fundi lina risasi iliyotokana na lehemu ya miaka mingi. Watoto wakae mbali, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Swali la kwanza: ni cha nani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi hukosea bila kukusudia. Karakana si ghala la mali ya fundi peke yake. Sehemu kubwa ya vilivyomo inaweza kuwa amana: redio za wateja zilizoletwa wiki iliyopita, au mwaka juzi, zikasubiri spea au pesa. Mwenye redio hajui kwamba fundi amefariki. Siku moja atakuja.

Tafuta vibandiko. Kwetu vilikuwa vipande vya boksi vilivyofungwa kwa uzi, vimeandikwa jina la mtaa, ugonjwa wa redio na kiasi kilicholipwa: "haishiki stesheni", "spika inakwaruza", "amelipa nusu". Tafuta pia daftari. Fundi wa siku nyingi hakosi nalo. Halafu simu yake. Usiruhusu laini ya marehemu ife, maana wateja watapiga namba hiyo hiyo. Tulimpa binamu mmoja simu ile, akawa anapokea kila mtu kwa upole na kuandika. Pesa zilizomo kwenye laini ni za mirathi, zisiguswe.

Kila kitu chenye dalili ya mwenyewe kiweke upande mmoja wa chumba na usikichanganye tena. Toa tangazo kupitia mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), msikitini na kanisani, na kama uwezo upo, kwenye redio ya mji wenu. Taja muda, sisi tuliweka miezi mitatu. Anayekuja akitaje kitu chake kabla hujakionyesha, aeleze rangi au tatizo lake, kisha asaini. Kama alilipa kianzio na kazi haikufanyika, mrudishieni. Ni deni la marehemu, na deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, iwe mnafuata sheria ya dini au ya serikali.

Kuhusu serikali: kuorodhesha na kuhifadhi ni jambo moja, kuuza ni jingine. Kwa Uganda, mwenye haki ya kuuza mali ya marehemu ni aliyethibitishwa kwa wosia au aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi. Asiyeacha wosia, safari huanza kwa barua ya LC1, ikapita kwenye ofisi inayojulikana kama Administrator General ili itoe cheti cha kutopinga, kisha ikafika mahakamani. Sheria ya mirathi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022 na haki za mjane zikatiliwa nguvu zaidi, kwa hiyo mkazamjomba lazima awe mezani tangu mwanzo, asiletewe tu hesabu mwishoni. Kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ni kosa hata kama wewe ndiye uliyekuwa ukimuuguza.

Swali la pili: kinaweza kudhuru?

Usichomeke kitu kwenye umeme ili tu uone kama kinafanya kazi. Najua hamu hiyo. Redio iliyokaa miaka ishirini bila moto ina kapasita, vile vihifadhi umeme, zilizokauka, na umeme wa 240 ukiingia kwa mara moja unaweza kuzipasua na kuondoka na transfoma, ambayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuipata.

Hivi ndivyo vya kutenga kabla ya vingine:

Televisheni za kioo kinene. Ndani ya kile kioo hakuna hewa, kikivunjika hulipukia ndani na vipande huruka. Waya mnene unaoingia ubavuni mwa kioo unaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Usifungue. Mwite fundi wa televisheni.

Kapasita kubwa za mafuta, zile za bati zenye umbo la kopo au tofali, za kabla ya miaka ya 1980. Nyingi zilijazwa mafuta yenye sumu ya PCB. Ikiwa inavuja, usiishike kwa mkono mtupu wala usiitoboe. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko.

Saa na mita zenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani, hasa za ndege na za jeshi. Rangi ile ya zamani inaweza kuwa na radiamu. Haitakudhuru kwa kuitazama, lakini usifungue kioo na usikwangue.

Transista kubwa za mitambo ya kurushia matangazo, zenye kauri nyeupe. Baadhi zina oksidi ya berili; vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Zikibaki nzima kama zilivyo, hazina shida. Usizivunje kwa nyundo kutafuta dhahabu.

Rektifaya (vigeuza umeme) za seleniamu, zile zenye mabamba ya chuma yaliyopangwa kama vipande vya mkate. Zikiungua hutoa moshi wa sumu wenye harufu ya kitu kilichooza. Ukisikia harufu hiyo, zima na utoke nje.

Mnunuzi wa kilo atakwambia yote hayo huchomwa nyuma ya nyumba ili kupata shaba. Ni kweli huchomwa, na moshi wa plastiki ya nyaya ni sumu kwa mtaa mzima. Taka za namna hii zipelekwe kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Swali la tatu: ni nini hasa?

Sasa raha inaanza.

Anza kwa kujua umri, na historia ya nchi itakusaidia. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilizinduliwa hapa Jinja, na mwaka huo huo idhaa ya redio ya Uganda ilianza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, na vijijini kwa muda mrefu baadaye, redio nyingi zilitumia betri kavu, amanda kama wanavyosema Waganda, kwa hiyo redio ya valvu isiyo na waya wa umeme si redio iliyonyofolewa, iliundwa hivyo. Risiti yenye shilingi za Afrika Mashariki ni ya miaka ya 1960 kurudi nyuma, maana shilingi ya Uganda ilikuja 1966. Shilingi 20 za wakati ule zilikuwa pauni moja, hivyo risiti ya shilingi 450 ni ya kitu cha pauni 22 na nusu, kitu cha mwenye nafasi. Chapa ya EAP&T kwenye simu au kwenye transfoma ni ya posta na simu ya pamoja ya Afrika Mashariki, jumuiya iliyovunjika 1977. Risiti za kuanzia 1987 zinahesabu fedha mpya, ambayo moja ilichukua nafasi ya mia za zamani.

Na kuna 1972. Wahindi walipofukuzwa kwa amri ya siku 90, maduka ya Main Street yalibaki na spea zilizojaa rafuni, zikaangukia mikononi mwa watu tuliowaita mafuta mingi, ambao wengi hawakuijua biashara ile. Mjomba alikuwa kijana anayejifunza kazi kwa fundi wa Kihindi. Fundi yule alipoondoka alimwachia sanduku la mbao la valvu, na mjomba alilitunza kama mboni ya jicho. Ukikuta katika karakana ya hapa sanduku la spea mpya kabisa za miaka ya 1960 kwenye maboksi yake, usishangae. Lifunge, liweke juu, na usimwonyeshe mtu kabla hujamaliza kusoma sehemu inayofuata.

Valvu

Wengine huziita taa za redio kwa sababu huwaka. Hizi ndizo zinazobeba thamani kubwa kwa uzito mdogo, na ndizo zinazoharibiwa kwa urahisi na mtu mwenye nia njema. Kosa la kwanza ni kuzifuta. Maandishi ya Mullard na wenzake hutoka kwa kidole kikavu tu, na valvu isiyo na jina hupoteza sehemu kubwa ya bei. Zishike kwa chini, kwenye pini. Vumbi lipulize.

Jina lenyewe linasomeka. Kwa valvu za Ulaya, herufi ya kwanza inataja umeme wa kuipasha moto: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 za betri, G ni volti 5, P na U ni zile zinazopangwa kwa mfululizo. Herufi zinazofuata zinataja kazi: C triodi (ya ncha tatu), F pentodi (ya ncha tano), L ya kutoa nguvu kwenye spika, Y na Z rektifaya, M lile jicho la kijani la kutafutia stesheni. Hivyo ECC83 ni triodi mbili za volti 6.3, na GZ34 ni rektifaya ya volti 5. Kwa za Marekani, namba ya mbele hukaribia volti za kupasha: 6V6, 5U4, 12AX7. Hii ya mwisho ndiyo ECC83 kwa jina lingine, maana waya wake wa kupasha huweza kuungwa kwa volti 6.3 au 12.6.

Herufi U ina onyo ndani yake. Redio yenye valvu za U, kama UL41, kwa kawaida haina transfoma ya kutenganisha umeme, na chuma chote cha ndani kinaweza kuwa na umeme wa ukutani. Wengi wamepigwa shoti hapo.

Ni zipi zinazotafutwa? Zile za amplifaya za muziki. KT66 na KT88 za GEC ya Uingereza ziko juu; jozi nzima inaweza kufika mamia ya dola. Zinafuata EL34, GZ34, ECC83 na EL84, hasa zikiwa za Mullard, Telefunken au Philips. EF86 nayo ina wenyewe. Upande wa pili, PCF80, PY81, PL36, EF80 na EB91 zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya televisheni na leo haziendi mbali, na jamii ya redio za betri kama DL96 na DK96 hupata bei ndogo, ingawa mtu anayefufua redio moja ya babu yake atakushukuru sana. Usizitupe. Ziuze kwa fungu.

Tazama kioo karibu na kilele. Pana doa linalong'aa kama fedha. Likiwa la fedha au jeusi, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, valvu imekufa na hakuna wa kuifufua. Kisha chukua mita, uiweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), upime waya wa kupasha moto. Ukigeuza pini zikutazame na kuhesabu kuanzia penye pengo kwa mwelekeo wa saa, kwa ECC83 na EL84 ni pini ya 4 na ya 5. Kwa EL34, KT66 na KT88 zenye mguu wa pini nane, huhesabiwa kuanzia kwenye ufunguo wa plastiki wa katikati, na ni ya 2 na ya 7. Mita ikionyesha omu chache, waya ni mzima. Hilo halithibitishi nguvu yake, lakini hutenganisha maiti na walio hai.

Kwa za Mullard na Philips, angalia chini ya kioo kwa tochi. Kuna alama za kijivu zilizochomwa kwenye kioo chenyewe, mistari miwili. Wa pili, kama B4F2, unasema: B ni kiwanda cha Blackburn, 4 ni mwaka unaoishia na nne, F ni mwezi wa sita, 2 ni wiki. R ingekuwa Mitcham. Boksi linaweza kudanganya, chapa inaweza kupakwa upya, alama hiyo ya kioo ni vigumu kuighushi. Piga picha yake kila unapouza.

Transista

Makopo yale ya Kimbo. Utaratibu wa herufi unaendelea: A ya mwanzo ni gerumaniamu, B ni silikoni, na za zamani kabisa huanza na OC. BC108 ni silikoni, haitakutajirisha. AC128, OC44, OC71, OC75 na NKT275 ni gerumaniamu, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanazisaka mpaka leo kwa sababu ndizo zilizokuwa ndani ya visanduku vya kukwaruza sauti ya gitaa, kama Fuzz Face ya mwaka 1966. Mjomba alizitumia kurekebisha redio za mfukoni. Sidhani alijua kwamba kuna mtu ng'ambo angelipia kopo lake.

Kuzitambua kwa mita ni rahisi: kwenye kipimo cha diodi, gerumaniamu husoma karibu 0.2 hadi 0.3, silikoni 0.6 hadi 0.7. Usiishike mwili wakati wa kupima, joto la vidole hubadilisha usomaji.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: AF114 hadi AF117, zenye miguu minne, huota nywele nyembamba za bati ndani ya kopo lake, zikagusana na transista. Hufa zikiwa mpya, ndani ya boksi. Usimuuzie mtu bila kumwambia.

Vipimo vya fundi

Hapa wengi hukosa shabaha, maana kipimo cha zamani kinaonekana kama takataka. Mita ya AVO 8 ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa 1951, nzito kama tofali na yenye mshale, ina wapenzi duniani kote. Fungua nyuma kwanza, utoe betri: ya 1.5 na ile ya 15. Zikivuja huila mita kutoka ndani. Osiloskopu, mashine za kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, za Tektronix na za Philips, jenereta za mawimbi za Advance na Marconi, vyote vina soko hata vikiwa vibovu, kwa sababu ya nobu na vioo vyake. Usitenganishe kipimo na nyaya zake. Waya wa Tektronix peke yake ni pesa.

Redio, vinanda vya santuri, kanda

Redio zenye mabendi mengi ya mawimbi mafupi hutafutwa: Grundig Satellit, Sony ICF-2001D, Zenith Trans-Oceanic, National Panasonic RF-2200, na mitambo ya Eddystone. Mjomba alikuwa na alama ya penseli kwenye bendi ya mita 60, ambako Radio Uganda ilisikika kwenye kHz 4976. Alama hiyo tuliiacha. Angalia vitu vinne: nobu zote zipo? Kioo cha stesheni hakijapasuka? Mgongo upo? Sehemu ya betri haijaliwa? Nobu moja ikikosekana mnunuzi ataitafuta mwaka mzima, na atakukata bei kwa sababu hiyo.

Betri za alkali zilizovuja, safisha kwa pamba yenye tone la siki au ndimu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na ukaushe. Mbao ifute kwa kitambaa kikavu. Usipake vanishi. Usipake rangi. Mnunuzi wa vitu vya kale hulipia uchakavu wa kweli kuliko ung'avu wa jana.

Kwa vinanda vya santuri, tazama chini ya sahani. Garrard 301 na 401, Thorens TD 124 na Technics SL-1200 ni vya kufungia kabatini mara moja. Vingi vingine, vile vya BSR vya kubadilisha sahani vyenyewe, ni vya fungu.

Santuri za mzunguko 78 ni za shelaki, si plastiki. Nilisafisha mbili kwa spiriti, nyimbo za dansi za Afrika Mashariki ambazo sijaziona tena popote, na spiriti ikayeyusha mifereji mbele ya macho yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tumia maji kidogo yenye sabuni laini, kwenye kitambaa, na usiloweshe karatasi ya katikati. Zisimamishe wima, zikilazwa kwa fungu za chini hupasuka.

Kanda usizifute, usizirudishe nyuma kwa mashine usiyoijaribu. Kati ya kanda za mjomba tulikuta sauti ya bibi akiimba harusini. Hakuna soko linaloweza kuithamini. Zenye muziki wa kienyeji au matangazo ya zamani, kabla ya kuuza, ulizia Makerere, ambako iko hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, au Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante.

Televisheni nitasema kwa ufupi. Matangazo ya mfumo wa zamani yalizimwa Kampala mwaka 2015, na seti za kioo kinene hazina wanunuzi isipokuwa chache zenye sanduku la mbao la miaka ya mwanzo. Toa nafasi.

Karatasi, kwa upande mwingine, zina uzito wa dhahabu. Vitabu vya michoro ya saketi, orodha za valvu, miongozo ya vipimo: weka kila kimoja na mashine yake. Mashine ikiwa na kitabu chake huuzika upesi zaidi.

Kujaribu bila kuunguza

Vile unavyofikiria kuviuza kama vizima vinahitaji jaribio, na jaribio linahitaji taa ya mfululizo: holda ya balbu iliyounganishwa kwenye waya mmoja wa umeme, ili kila kinachoingia kwenye redio kipite kwanza kwenye balbu. Balbu iwe ya waya wa ndani, ya wati 60 au 100. Za LED hazifanyi kazi hii, na hizi za waya zimeanza kuwa adimu, ukizikuta dukani nunua tatu. Mwombe fundi aliye hai akuungie. Ni kazi ya robo saa kwake.

Kabla ya kuwasha, geuza swichi ya volti iwe 240. Vifaa vya Marekani na Japani mara nyingi vimeachwa kwenye 110 au 117. Washa. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani: zima, andika "kibovu", usijaribu tena. Ukimaliza, usiguse ndani kabla ya kumwaga umeme wa kapasita kupitia rezista ya omu kama elfu kumi, ya wati tano, iliyofungwa kwenye waya wenye klipu. Bisibisi huruka cheche na kuharibu. Pima kwa mita mpaka isome sifuri.

Swali la nne: bei

Bei inayoombwa si bei. Mtu anaweza kuomba dola elfu moja kwa redio kwa miaka mitatu bila kuuza. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chagua kuonyeshwa vilivyokwisha kuuzwa, utafute mfano ule ule, hali ile ile, uandike vitano, uchukue cha katikati. Toa gharama ya posta, ada ya soko na hatari ya kuvunjika njiani. Kilichobaki ndicho bei ya kweli ya ng'ambo. Kwa mnunuzi wa hapa anayechukua mkononi na kulipa leo, mimi hukubali nusu ya hiyo na sijuti, maana hatarudi kulalamika kwamba valvu imefika imepasuka.

Andika kila kitu kwenye daftari jipya: namba, jina, hali, picha, bei ya chini ambayo familia imekubaliana. Bei ya chini ikubaliwe na wote kabla mnunuzi hajafika. Anayesimama mbele ya mnunuzi bila kikomo hupoteza.

Kisha gawa mafungu. Valvu na transista nzuri ziuzwe mojamoja au kwa jozi, ng'ambo au kwa wakusanyaji wa Nairobi, mabasi ya Busia yanafika huko kila siku. Zana za mkono, vikuza sauti, spika na rezista mpelekee fundi kijana wa mtaa. Zitafanya kazi tena kesho asubuhi. Mabaki ya bati na transfoma zilizoungua ndiyo pekee ya kumwita yule bwana wa mizani, na hapo kilo ni kipimo halali.

Mnunuzi anayetaka kuchagua "viwili vitatu tu" kwenye sanduku la valvu ameshaona KT66. Mwambie sanduku linauzwa kwa bei zilizo kwenye daftari.

Kufunga mzigo: kila valvu kwenye boksi lake au kwenye karatasi iliyoviringwa, pini zikielekea chini, boksi ndani ya boksi, sponji pande zote unene wa vidole vinne. Pesa ziingie kwanza. Ukituma redio, toa betri, fungia nobu kwa utepe wa karatasi, na picha ya namba ya nyuma ibaki kwako.

AVO 8 hatukuiuza. Alipewa binamu anayepokea simu, naye ameanza kujifunza kazi. Upande wa amana bado kuna redio moja ya Philips, kibandiko kinasema "mama wa Masese, spika". Namba iliyo kwenye daftari haipatikani, na miezi mitatu inaisha wiki ijayo, kwa hiyo Jumamosi nitapanda boda nikaulizie mwenyewe, nyumba kwa nyumba.